Mlango wa Mshauri: Historia ya Unasihi wa Afya ya Akili kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Makerere ilipofunguliwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuwa na wanafunzi 14, wote wanaume, na kaulimbiu yake ilikuwa na maana ya "Na tuwe wanaume". Wanawake sita wa kwanza walipopokelewa mwaka 1945, kaulimbiu hiyo haikuweza kusimama tena. Ikabadilishwa na kuwa ahadi ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha historia ya elimu. Kwa mtafiti wa huduma za wanafunzi kina uzito zaidi ya huo, kwa sababu taasisi iliweza kubadili maneno ya ngao yake kwa haraka kuliko ilivyobadili picha ya mwanafunzi iliyokuwa nayo kichwani. Picha hiyo ilikuwa ya kijana wa kiume, mzima wa viungo, aliyetoka shule ya bweni, anayekimudu Kiingereza na kutarajiwa kuwaongoza wenzake. Huduma zote, kuanzia vitanda vya mabweni hadi zahanati, zilikatwa kwa kipimo cha kijana huyo. Unasihi nao haukusalimika.

Makala haya yanafuatilia historia ya unasihi wa afya ya akili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambavyo kati ya 1963 na 1970 vilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, pamoja na vyuo vilivyoanzishwa baada yake. Swali linaloongoza uchunguzi si kama huduma ilikuwapo, kwa maana kwa namna moja au nyingine ilikuwapo tangu mapema. Swali ni nani aliyeweza kuifikia bila kupoteza kitu: nafasi yake ya masomo, heshima yake kwa wenzake, siri yake, au hata uhuru wake mbele ya sheria. Hoja inayojengwa ni kwamba ujumuishi wa huduma hii umeamuliwa zaidi na mahali ulipowekwa mlango wa mshauri, na nani mwingine anayekaa nyuma ya mlango huo, kuliko ulivyoamuliwa na idadi ya washauri au nia yao njema.

Nasaha na ushauri: maneno kabla ya huduma

Kiswahili kiliipokea huduma hii kikiwa tayari na maneno yake. Nasaha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni la mtu aliye juu kwa aliye chini: mzazi kwa mtoto, kungwi kwa mwari, shehe kwa muumini. Anayejua husema, asiyejua husikiliza na kushukuru. Ushauri una upole zaidi, kwa kuwa kushauriana ni kitendo cha watu wawili, lakini mshauri naye hutazamiwa awe na jibu. Taaluma ya unasihi, kama ilivyoenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers tangu kitabu chake cha 1942, iligeuza mpangilio huo: mwenye shida ndiye anayesema, na kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kusikiliza bila kuhukumu. Tofauti hii haiishii kwenye msamiati. Mwanafunzi aliyelelewa katika nasaha, akialikwa chuoni kwenda kupata nasaha, hutarajia kuonywa. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi hakukosea.

Katika vyuo vya Tanzania, ofisi inayosimamia mabweni na maisha ya wanafunzi nje ya darasa, na ambayo hushiriki katika mashauri ya utovu wa nidhamu, huitwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwa Kiingereza cheo hicho hakidai ushauri wowote. Ni cheo cha msimamizi tu. Kiswahili ndicho kilichokipa kazi ya kushauri, na pengine kwa kufanya hivyo kilieleza jinsi jamii ilivyotaka kiwe. Lakini kazi za ofisi hazikutengana kwa sababu ya jina. Mwanafunzi aliyekwenda kueleza kwamba halali usiku alikuwa akiieleza ofisi ileile ambayo ingeweza kumwita wiki iliyofuata kujibu kwa nini alimgombeza mwenzake wa chumbani. Maneno unasihi na mnasihi, ambayo leo yamezoeleka katika shule na vyuo, yanaweza kusomwa kama jaribio la kumtenga msikilizaji na msimamizi. Lugha imefanya sehemu yake. Majengo na miundo ya utawala vimechelewa.

Ubongo wa Mwafrika na kichwa cha mwanafunzi

Kabla ya kuuliza mwanafunzi Mwafrika asaidiwe vipi, utawala wa kikoloni uliuliza kama ana jambo la kusaidiwa. Jibu lililotawala lilitoka Nairobi. J. C. Carothers, daktari wa serikali aliyekabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila ya kuwa na mafunzo ya awali ya magonjwa ya akili, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Alidai pia kwamba sonona ni adimu miongoni mwa Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maandishi yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Dai la sonona halikuwa la kitaaluma tu. Mtu ambaye sayansi imekwisha kutamka kwamba hasononeki hawekewi msikilizaji, na huzuni yake ikijitokeza hadharani hupewa jina lingine, kwa kawaida la ukaidi.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu lilitoka Afrika ya Magharibi. Thomas Adeoye Lambo, aliyezaliwa Abeokuta mwaka 1923 na kusomea udaktari Birmingham, alirudi Nijeria na mwaka 1954 akaanza utaratibu wa Aro, ambao wagonjwa waliishi na ndugu zao katika vijiji vilivyoizunguka hospitali badala ya kufungiwa wodini. Ni katika mazingira hayo daktari kutoka Kanada, Raymond Prince, alichapisha mwaka 1960 maelezo ya hali aliyoikuta kwa wanafunzi wa Nijeria. Walilalamika kwamba kichwa kinawauma au kinawaka, kwamba kitu kinatambaa ndani ya kichwa na shingoni, kwamba macho yanaona ukungu na wanachokisoma hakiingii wala hakikai. Wenyewe walisema ubongo umechoka kwa kusoma. Prince aliihusisha hali hiyo na mgongano kati ya elimu ya kitabu, inayomtaka mtu ajitahidi peke yake, na malezi ya jamii ambayo jitihada humo ni ya wengi.

Kazi ya Prince imekosolewa, na kwa haki. Jina alilolitumia, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa uchovu wa ubongo, halikuwa la Kiafrika. Lilitumika Uingereza katika karne ya 19 kuhusu mabwana wa taaluma waliofanya kazi kupita kiasi. Hali iliyokuwa ya heshima kwa wakili wa London iligeuzwa kuwa ya kigeni ilipomkuta mwanafunzi wa Nijeria. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiorodhesha katika mwongozo wake wa 1994 miongoni mwa hali za tamaduni mahususi, kisha ikaachwa katika mwongozo wa 2013. Hata hivyo, kulitupa jina kusisababishe kutupwa kwa kile wanafunzi walichokuwa wakisema. Hapo mwanafunzi alisikilizwa kama mwanafunzi, mtu ambaye maisha yake yanategemea mtihani mmoja na ambaye ukoo mzima umeuza mazao ili asome. Aidha, lugha ya kichwa na macho ilimpa njia ya kulalamika bila kuitwa kichaa. Msemaji wa Kiswahili anaijua njia hiyo. Husema "nina mawazo" au "kichwa kinaniwaka", naye hueleweka; akisema ana sonona, wengi watamwuliza sonona ni nini, na wachache wanaojua watasogea mbali kidogo.

Kampala ilikuwa mahali pa pili pa mabadiliko. Idara ya magonjwa ya akili ya Makerere ilianza mwaka 1966 chini ya Profesa G. Allen German. Mwaka 1969 yeye na mwenzake O. P. Arya walichapisha uchunguzi kuhusu maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi nchini Uganda, katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza. Kwa mtazamo wa historia, kuwapo kwa makala hiyo kuna uzito sawa na matokeo yake: miaka 16 baada ya Carothers, wanafunzi wa Kiafrika walihesabiwa na kuchunguzwa kwa vipimo vilevile walivyochunguzwa navyo wanafunzi wa Ulaya. John Orley alichapisha mwaka 1970 utafiti wake kuhusu utamaduni na maradhi ya akili Uganda, na mwaka 1979, pamoja na J. K. Wing, alionyesha kwamba sonona ilikuwa imeenea zaidi miongoni mwa wanawake wa vijiji viwili vya Uganda kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Dai la Carothers lilikuwa limekufa. Lilichokiacha ni mazoea, na mazoea hayafi kwa makala ya jarida.

Mazoea hayo yalikuwa na majina ya mahali. Butabika, iliyofunguliwa pembezoni mwa Kampala mwaka 1955, Mathari ya Nairobi na Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, zilikuwa hospitali za rufaa. Katika mazungumzo ya watu zilikuwa matusi. Kumwambia mtu "wewe wa Mirembe" hakuhitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo zahanati ya chuo ilikuwa na thamani ambayo haikuandikwa katika hati yoyote: mwanafunzi angeweza kuonekana pale kwa malaria au kwa mafua, na hakuna aliyejua alichokifuata. Pale ambapo huduma ya akili ilitengwa na kupewa chumba chake chenye kibao mlangoni, faida hiyo ilipotea, ingawa waliokiandika kibao walikusudia mema.

Huzuni iliyopelekwa kwenye kamati ya nidhamu

Vyuo vya kikoloni vilirithi mfumo wa Uingereza wa walezi wa mabweni na wakufunzi waliotakiwa kumjua kila mwanafunzi. Kwa chuo chenye watu mia chache, mfumo huo uliweza kufanya kazi, na hapana shaka walikuwapo walezi waliokesha na vijana wao. Udhaifu ulikuwa kwamba mlezi aliwajibika kwa chuo kwanza. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Ugomvi wa chakula katika shule ya bweni ni nadra kuwa wa chakula pekee, lakini chuo kilijibu kama kosa la nidhamu, na Abu Mayanja, aliyekuja baadaye kuwa waziri wa Uganda huru, alifukuzwa.

Uhuru haukubadili utaratibu huo kwa kina. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Kuhusu siasa ya tukio hilo, na hasa uamuzi wa Rais wa kupunguza mshahara wake mwenyewe, mengi yameandikwa. Machache yameandikwa kuhusu mamia ya vijana waliorudi vijijini wakiwa wamebeba aibu ya taifa, wengi wao wakiwa wa kwanza katika koo zao kufika chuo kikuu, na ambao sehemu kubwa waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata wakaendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Nairobi, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Dar es Salaam kilifungwa mwaka 1990. Kila kufungwa kulikuwa na waathirika wasiofanana: mwenye wazazi mjini alisubiri nyumbani, mwenye mimba alifichwa, maskini alitafuta kibarua na pengine hakurudi. Majalada ya nidhamu yanawataja viongozi wa migomo. Hayawataji hao.

Uganda ilipita katika jambo baya zaidi. Mwezi Oktoba 1972 Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa asionekane tena, na mwezi Agosti 1976 wanajeshi waliivamia kampasi. Unasihi ni kazi ya siri, na siri haiwezekani mahali ambapo kila mtu anajiuliza nani anamripoti nani. Si ajabu kwamba kazi iliyoanzwa na German na wenzake haikupata warithi wa kutosha katika miaka hiyo.

UKIMWI na kuzaliwa upya kwa ushauri nasaha

Msukumo uliouleta unasihi katika maisha ya kawaida ya wanachuo haukutoka idara za magonjwa ya akili. Ulitoka kwenye janga. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempoteza mumewe kwa UKIMWI, pamoja na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA mjini Dar es Salaam. Mashirika hayo yaliwafundisha watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa, kuketi na mtu, kumsikiliza, kumtunzia siri na kutomlaumu. Kanuni za Rogers, ambazo vyuo vilizifundisha darasani kama nadharia ya kigeni, zilipata mwili katika nyumba za Kampala na Dar es Salaam. Kutoka hapo maneno "ushauri nasaha" yakasambaa hadi kwenye vibao vya vituo vya kupima, kwenye redio na kwenye mabweni, pamoja na waelimishaji rika waliofundishwa kuzungumza na wenzao.

Urithi huu una pande mbili. Upande mmoja, uliondoa dhana kwamba anayemwona mshauri ni mwendawazimu, na ulithibitisha kwamba msikilizaji mzuri si lazima awe daktari. Upande wa pili, uliufunga unasihi na ugonjwa mmoja. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeonekana akitoka katika chumba cha ushauri alidhaniwa ametoka kupima. Fedha nazo zilifuata ugonjwa: wafadhili walilipia mafunzo kuhusu virusi, na mwanafunzi aliyefiwa, aliyeshindwa mitihani au aliyenyanyaswa alihudumiwa, ikiwa alihudumiwa, kwa mabaki ya bajeti hiyo.

Wanafunzi ambao mlango haukukatwa kwa kimo chao

Katika miaka hiyohiyo mwanafunzi mwenyewe alibadilika. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili, na tangu 1992 ikapokea wanafunzi wa kujilipia, ambao baada ya muda waliwazidi wa serikali. Nairobi ilifuata mwaka 1998 kwa mpango wa sambamba. Posho za wanafunzi zilipunguzwa au kufutwa. Mwezi Desemba 1990 wanafunzi wawili wa Makerere waliuawa kwa risasi katika mgomo uliohusu jambo hilo. Tanzania ilitunga mwaka 2004 sheria ya Bodi ya Mikopo, na bumu, jina ambalo wanafunzi waliipa fedha ya kujikimu, likawa kalenda ya pili ya chuo: kuna wiki za bumu na wiki za kabla ya bumu, na washauri hujua ni zipi wanafunzi huja wakiwa na njaa wakasema wana mawazo. Idadi ya wanafunzi iliongezeka mara nyingi. Ofisi ya mshauri ilibaki ofisi.

Wanawake waliingia kwa wingi katika muundo uliowafikiria sita. Jambo lililowaweka mbali na unasihi mara nyingi lilikuwa lilelile lililowafanya wauhitaji. Rushwa ya ngono, ambayo sheria ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa, hufanywa na mwenye mamlaka. Na mnasihi wa chuo ni mwajiriwa wa mamlaka hiyohiyo. Msichana anayefikiria kueleza hupima kwanza nani anakunywa chai na nani. Hesabu hiyo si woga usio na msingi, na hakuna mafunzo ya ustadi wa kusikiliza yanayoweza kuiondoa bila kubadilisha nani anamwajibisha mnasihi.

Kwa wanafunzi wenye ulemavu tatizo lilijitokeza kwa sura ya wazi zaidi. Tangu 2003 Uganda imekuwa na Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa ile ya taifa ya elimu maalumu. Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mijadala iliyofuata ilihusu ngazi, maandishi ya nukta nundu na wakalimani wa madarasani, na yote hayo yalistahili. Unasihi ulisahauliwa, pengine kwa sababu ulidhaniwa hauna kizingiti zaidi ya kile cha mlango. Fikiria mwanafunzi kiziwi. Mnasihi asiyejua lugha ya alama anahitaji mkalimani, na mkalimani katika chuo ni mtu mmoja au wawili ambao mwanafunzi huyo atakaa nao darasani kesho, atawaona bwenini, na ambao huenda wanazijua siri za kila kiziwi chuoni. Kwake yeye, faragha ya watu wawili, ambayo ndiyo msingi wa taaluma nzima, haijawahi kuwapo. Hapa ujumuishi hautimizwi kwa kuongeza mtu chumbani. Unatimizwa kwa mnasihi mwenyewe kujua lugha.

Suala la lugha haliwahusu viziwi pekee. Mafunzo ya unasihi katika kanda hii yametolewa kwa Kiingereza, na hojaji za kupima sonona zilitungwa kwa Kiingereza kabla ya kutafsiriwa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam ambaye amefiwa na mama yake hulia kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa, na akilazimika kueleza kwa lugha ya mtihani hueleza kama anajibu mtihani. Si ajabu kwamba wengi wameendelea kuanzia kwa padri, kwa shehe, kwa mganga au kwa rafiki wa chumbani. Waandishi wa taaluma hii wana desturi ya kuwataja watu hao kama vikwazo vya huduma ya kitaalamu. Uzoefu wa Aro ungetosha kuonyesha kwamba wanaweza kuwa sehemu yake, ingawa ni kweli pia kwamba mwanafunzi aliyeambiwa maradhi yake ni adhabu ya dhambi hupoteza miezi ambayo hakuwa nayo.

Garissa, na kufungwa kwa 2020

Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya jua kuchomoza, wakawatenga wanafunzi kwa dini, wakaua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kenya, unasihi wa wanafunzi ulikuwa jambo la taifa. Wataalamu na wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu waliwapokea walionusurika na familia zilizokuja kutambua miili. Swali gumu lilibaki kwa waliochukua kazi hiyo baada ya kamera kuondoka. Kundi lililohitaji kuponywa lilikuwa limegawanywa kwa makusudi na waliolishambulia, Wakristo upande huu na Waislamu upande ule. Mwanafunzi Mwislamu aliyeachwa hai alikuwa na huzuni ambayo hakujua kama anaruhusiwa kuisema mbele ya wengine. Mpango wa unasihi uliomchukulia kama asiyeathirika ungekuwa umekubali mgawanyo wa wauaji.

Miaka mitano baadaye, mwezi Machi 2020, vyuo vya nchi zote tatu vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Unasihi wa simu, uliochukuliwa kama suluhisho, ulifungua mlango kwa waliokuwa mbali na ukaufunga kwa wengine: simu ya pamoja ya familia, chumba kimoja cha ndugu sita, mtandao unaopatikana chini ya mwembe fulani tu. Mlango mwingine, ambao hauhusiani na chumba wala simu, ulikuwa umefungwa muda mrefu zaidi ya yote hiyo.

Sheria nyuma ya mlango

Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia kanuni za adhabu zilizofanana sana. Kila moja ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Bunge la Uingereza lilikifuta kosa hilo kwa Uingereza na Wales mwezi Agosti 1961, miezi minne kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Nchi zilizopata uhuru zilibaki na sheria ambayo mtunzi wake alikwisha kuiona haifai kwake mwenyewe. Nchini Kenya ilikuwa kifungu cha 226, nchini Tanzania kifungu cha 217. Sheria za afya ya akili ziliandikwa upya, Kenya mwaka 1989 na tena kwa marekebisho ya 2022, Tanzania mwaka 2008, Uganda mwaka 2018. Kifungu hicho hakikuguswa.

Athari yake kwa unasihi wa wanafunzi haihitaji takwimu ili ieleweke. Mnasihi hufundishwa kuuliza waziwazi kama mtu amefikiria au amejaribu kujiua, kwa kuwa kuuliza huokoa. Mwanafunzi aliyejibu ndiyo alikuwa amekiri kosa mbele ya mwajiriwa wa taasisi ya umma. Muuguzi wa zahanati aliyempokea usiku akiwa amemeza vidonge alikuwa na mgonjwa na, kwa mtazamo wa sheria, alikuwa na mtuhumiwa. Kamati ya chuo iliyotaka kumwondoa bwenini haikukosa hoja. Mnasihi aliyeandika ukweli katika jalada alikuwa akiandika ushahidi, na asiyeuandika alimwachia mwenzake wa zamu inayofuata karatasi isiyomwambia chochote kuhusu hatari iliyopo. Kifungu hiki kilimgusa zaidi yule ambaye tayari alikuwa nje ya picha ya mwaka 1922: mwenye mzazi wakili angepata njia ya kuzungumza na polisi, binti wa mkulima aliyejilipia ada asingeipata.

Jopo kazi la serikali ya Kenya kuhusu afya ya akili, chini ya uenyekiti wa Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Kisha Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo, miongoni mwa walalamikaji wengine, walikwenda mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinabagua kwa msingi wa hali ya afya na kudhalilisha utu wa mtu. Siku hiyo vifungu vya Uganda na Tanzania vilikuwa bado katika vitabu vya sheria. Kwa hiyo vyuo vitatu vilivyowahi kuwa chuo kikuu kimoja viliamka na aina mbili za jalada la unasihi: huko Nairobi, mnasihi angeweza kuandika alichoambiwa, Kampala na Dar es Salaam, ilimbidi bado achague maneno.